Sura ya Tano: Kugawanyika Bila Kuvunjika

Mwaka 2024 wateja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, nchini Tanzania walianza kuletewa ujumbe mrefu kuliko waliouzoea. Mtu alinunua umeme kwa simu kama siku zote, lakini badala ya tarakimu 20 alipata makundi matatu, kila moja lenye tarakimu 20, pamoja na maelekezo: ingiza kundi la kwanza, kisha la pili, halafu la tatu, ambalo ndilo lenye uniti. TANESCO, shirika la umeme la nchi, iliendesha zoezi hilo kwa awamu na kutangaza siku ya mwisho kuwa 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingevuka siku hiyo bila kuboreshwa ingekataa umeme mpya ulionunuliwa.

Wengi waliliona zoezi hilo kama usumbufu wa kubonyeza namba. Mimi naliona kuwa moja ya kazi kubwa za uhandisi wa kompyuta zilizowahi kufanyika nchini. Kompyuta ndogo zilizotapakaa mjini na vijijini, zilizotoka viwanda tofauti na zisizo na intaneti, zilibadilishiwa ufunguo na kalenda na wenye nyumba wenyewe, bila kusubiri fundi afungue kifuniko cha kila mita. Sura hii inahusu usanifu unaowezesha jambo kama hilo: kujenga mfumo kwa vipande vinavyoweza kukaa mbali, kutofautiana, hata kunyamaziana, na bado kazi ikaenda.

Ndani ya tarakimu 20

Mita za LUKU hufuata kiwango kinachoitwa STS, kilichozaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambacho sasa kinatumika katika nchi nyingi. Namba unazobonyeza kwenye mita, yaani tokeni, ni biti 66 zilizofungwa kwa siri. Zimebeba kiasi cha umeme, alama ya kuhakiki kwamba hukukosea tarakimu, na muhuri wa muda wenye biti 24. Muhuri huo huhesabu dakika tangu 1 Januari 1993.

Mita haihitaji saa ili kuusoma. Inachofanya ni kukumbuka mihuri ya tokeni za karibuni. Ikiletewa muhuri iliokwisha kuuona, au ulio wa zamani kuliko yote inayoikumbuka, hukataa. Kwa njia hiyo tokeni moja haiingii mara mbili, hata kama mita haijawasiliana na ofisi yoyote tangu ilipofungwa ukutani.

Biti 24 zinatosha kuhesabu dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Ukianzia Januari 1993, nafasi zinaisha 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na tokeni iliyonunuliwa leo inaonekana mbele ya mita kama ya mwaka 1993. Dawa ilikuwa kuanza kuhesabu upya kutoka 2014. Kwa kuwa mwaka wa kuanzia umefungamanishwa na ufunguo wa siri wa mita, kila mita ilipaswa kupewa ufunguo mpya. Ufunguo huo una biti 64, na tokeni moja ina nafasi ya kubeba nusu yake tu. Ndiyo maana yalitangulia makundi mawili kabla ya lile la umeme.

Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Kuna anayetunza funguo, kuna seva inayouza, kuna anayefikisha namba, na kuna mita inayoruhusu au kukata umeme. Anayefikisha namba anaweza kuwa ujumbe wa simu, risiti ya wakala, au mtoto aliyetumwa dukani na kikaratasi. Mita haijali. Seva inaweza kubadilishwa yote, wauzaji wakaongezeka, simu zikageuka kizazi hadi kizazi, na mita ya zamani ikaendelea kufanya kazi kwa sababu kinachovuka mpaka kati yake na dunia ni tarakimu 20 na si kingine. Huo ndio mkataba.

Mkataba huo ulikuwa na dhana iliyojificha ndani yake: kwamba miaka 32 ni mingi. Ulikuwa pia na mlango, yaani aina maalumu ya tokeni ya kubadilisha ufunguo. Dhana ilipokwisha muda wake, mlango ukatumika. Kompyuta nyingine zinasubiri siku yao. Mifumo ya zamani ya jamii ya Unix huhesabu sekunde tangu 1970 katika nafasi ya biti 32, na nafasi hiyo itajaa 19 Januari 2038. Hesabu mpya ya mita nayo itafika mwisho mwaka 2045. Anayechora mpaka kati ya sehemu mbili za mfumo anaamua mambo yatakayowakuta watu ambao bado hawajazaliwa, kwa hiyo lazima aache njia ya kuubadilisha.

Barabara moja, mashine za kila namna

Vuka Magogoni kwa pantoni, au pita Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016, kisha ushike barabara ya Kibada na Mwasonga mpaka Kimbiji. Eneo hili la mwambao, kusini-mashariki mwa jiji la Dar es Salaam, lilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa la Temeke, hadi Kigamboni ilipopewa wilaya yake. Lina wavuvi na wakulima, viwanja vipya vinavyopimwa kila upande, visima virefu vilivyochimbwa ili kuongezea jiji maji, na kiwanda cha saruji. Ni mahali pazuri pa kufundishia usanifu wa kompyuta, kwa sababu kompyuta za kila ukubwa zinakutana hapa.

Ndogo kabisa iko kwenye mita: chipu yenye kumbukumbu finyu na programu moja iliyochomwa ndani. Inayofuata ni simu ya kitochi, ambayo hukaa siku kadhaa bila chaji. Halafu kuna simu janja ya bei nafuu, mashine ya malipo ya wakala, kompyuta ya ofisini, vidhibiti vya mitambo kiwandani na vifaa vya kwenye mnara wa simu. Mbali zaidi, upande wa Kinondoni, kipo Kituo cha Taifa cha Data cha Kijitonyama chenye safu za seva. Kazi moja ndogo, kama kulipia umeme wa nyumba moja, inaweza kupita katika nusu ya mashine hizo.

Kila moja inahitaji programu ya kuigawia kazi. Mfumo endeshi ni programu inayoshika mashine tangu inapowashwa: hugawa muda wa prosesa, hutenga kumbukumbu, huongea na vifaa, na huzizuia programu zisiingiliane. Swali la sura hii ni kama tunaweza kujenga mifumo hiyo kwa moduli, yaani vipande vyenye kazi moja moja, ili mita ichukue viwili, simu ichukue hamsini, na seva ichukue vyote, bila kuandika kila kitu upya.

Kwa vifaa vidogo jibu limepatikana. FreeRTOS, iliyoanzishwa na Richard Barry mwaka 2003, ina kiini kidogo cha kupanga kazi. Mengine yote huongezwa pale yanapohitajika. Contiki ya Adam Dunkels, ya miaka hiyohiyo, iliandikwa kwa ajili ya vihisi vyenye kumbukumbu ya kilobaiti chache tu, na bado iliweza kupokea moduli mpya huku kifaa kikiendelea kufanya kazi. Mhandisi anayetaka kupima kina cha maji kisimani kwa kifaa cha betri haanzi na mfumo wa seva na kuupunguza. Anaanza na karibu sifuri, kisha anaongeza.

Nyumba yenye mita moja

Kwa kompyuta kubwa, ubishi umekuwa mrefu. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, na hapo ikaweza kuhamishwa kutoka aina moja ya mashine kwenda nyingine. Huo ulikuwa mpaka wa kwanza mkubwa: programu ikatenganishwa na chuma. Ndani ya Unix yenyewe, hata hivyo, kiini, yaani moyo wa mfumo endeshi, kilibaki kitu kimoja. Kupanga kazi, kusoma faili, kuendesha diski na kadi ya mtandao, vyote viliishi katika kumbukumbu moja na vilikuwa na mamlaka sawa.

Anayeishi nyumba ya kupanga Dar es Salaam ataelewa matokeo yake. Vyumba sita vinatumia mita moja. Mpangaji wa chumba cha nne akichomeka jiko lenye hitilafu, swichi kuu inajikata na wote sita wanaingia gizani, hata aliyelala. Kiini kikubwa kiko hivyo: kiendeshi cha kadi moja ya sauti kikikosea, mashine nzima inasimama.

Mwaka 1987 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam, alitoa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia uliotenga sehemu kadhaa nje ya kiini. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alijifunza kwa kuutumia, kisha mwaka 1991 akaanza Linux, yenye kiini kimoja kikubwa. Januari 1992 wawili hao walibishana hadharani. Tanenbaum alisema kiini kikubwa ni kurudi nyuma. Torvalds alijitetea kwamba mfumo wake unafanya kazi, na kwa kasi.

Kwa wakati ule Torvalds alikuwa na hoja nzito. Sehemu zikitenganishwa, lazima zitumiane ujumbe, na ujumbe una gharama. Mach, mradi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ulionyesha wazo la kiini kidogo na vilevile uzito wake. Katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Jochen Liedtke alithibitisha kwa kiini chake, L4, kwamba uzito huo ulitokana na namna ya kuandika: ujumbe ungeweza kupita kwa kasi kubwa mno kuliko watu walivyodhani. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walikamilisha uthibitisho wa kihisabati kwamba seL4, wa ukoo huohuo, unafanya kile hasa kilichoandikwa katika maelezo yake. Uthibitisho huo uliwezekana kwa sababu kiini chake kilikuwa na mistari ipatayo 8,700 ya C. Linux ya leo imepita mistari milioni 30. Hakuna awezaye kuithibitisha kwa njia hiyo.

Linux nayo ilijifunza kugawanyika kwa namna yake. Moduli zake huingizwa na kutolewa mashine ikiwa inafanya kazi, na ndiyo sababu kiini hichohicho kinaendesha rauta ndogo ya nyumbani, simu ya Android na kompyuta kubwa kuliko zote duniani. Lakini moduli zikishaingia zinaishi chumba kimoja na kiini. Ni mgawanyo wa kifurushi, na hauzuii maafa kusambaa. Tofauti hii ni ya msingi: moduli inayorahisisha ujenzi ni jambo moja, na moduli inayozuia hitilafu isivuke ni jambo jingine.

Dunia ililipa gharama ya kuvichanganya viwili hivyo tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro kwa programu yake, ambayo sehemu yake hukaa ndani ya kiini cha Windows. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilianguka. Ndege ziliahirishwa, benki na hospitali zilikwama. Mashine nyingi zilihitaji mtu azifikie moja moja, kwa sababu sehemu iliyoanguka ndiyo iliyobeba zote, na hapakuwa na mlango uliobaki wazi wa kupitishia dawa. Katika Minix 3, iliyotolewa mwaka 2005, kiendeshi huishi nje ya kiini kama programu ya kawaida. Kikianguka, mfumo hukiwasha upya na kazi inaendelea.

Upande wa pili ukinyamaza

Kutenga hitilafu ndani ya mashine moja ni nusu ya kazi. Mashine zikiwa nyingi na mbalimbali, hitilafu ya kila siku ni kimya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi kwa kukosa intaneti. Programu nyingi ziliandikwa kana kwamba mtandao upo siku zote. Zile ambazo kila hatua yake huuliza seva ya Ulaya ziligeuka vioo vitupu, hata pale ambapo mtumaji na mpokeaji walikuwa mtaa mmoja.

Eric Brewer wa Berkeley alilieleza tatizo hili mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kihisabati mwaka 2002. Mtandao unapokatika kati ya sehemu mbili za mfumo, kila sehemu ina uamuzi wa kufanya: iendelee kuhudumia huku ikijua kwamba taarifa za pande mbili zinaweza kupishana, au ikatae kuhudumia ili zisipishane. Hakuna njia ya kupata vyote viwili. Watu huusoma uthibitisho huu kama habari mbaya. Kwa msanifu wa moduli ni mwongozo, kwa sababu unamtaka ajibu swali hilo kwa kila kipande peke yake, na majibu ya Kimbiji yanatofautiana kweli.

Pesa ya simu lazima ikatae. Salio likihesabiwa katika daftari mbili zisizowasiliana, mtu atatoa hela ileile mara mbili. Hivyo mtu anapobonyeza *150*00# kwenye kitochi, simu yake haiamui lolote. Huonyesha maandishi na kutuma namba. Akili yote iko kwenye seva za mtandao wa simu. Mpaka umechorwa karibu sana na kidole cha mteja, na kwa sababu hiyo simu ya vitufe ya miaka mingi iliyopita na simu janja ya jana zinapata huduma moja. Mpaka mwingine ulichorwa kati ya kampuni na kampuni. Kuanzia 2014 mitandao ya simu Tanzania ilianza kukubaliana kupokeleana pesa moja kwa moja, na nchi ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kufanya hivyo. Kila kampuni ilibaki na mfumo wake. Walichokubaliana ni mkataba wa kati.

Takwimu za afya zina jibu tofauti. Zahanati hujaza vitabu vya kumbukumbu vya MTUHA, humjumlisha kila mgonjwa, kila mtoto aliyechanjwa na kila mama aliyejifungua, kisha muhtasari wa mwezi huingizwa katika DHIS2, mfumo uliokuzwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa nchini na wataalamu wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapa kukataa kungekuwa ukatili. Muuguzi hawezi kuacha kuandika chanjo kwa sababu mnara umezimika. Mfumo unapaswa kupokea, kuhifadhi pale pale, na kupatanisha baadaye. Ndiyo maana programu ya simu ya DHIS2 iliundwa ifanye kazi bila mtandao. Kosa la siku mbili la hesabu hurekebishika. Rekodi ambayo haikuandikwa hairudi.

Mita imechukua njia ya tatu, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Uamuzi wa kama tokeni imekwisha kutumika umewekwa mahali pamoja tu, ndani ya mita yenyewe, na tokeni ya mita moja haina maana kwa mita nyingine. Kwa kuwa hakuna daftari la pili la swali hilo, hakuna cha kupishana. Mtandao ukikatika baada ya mteja kupata namba zake, umeme unaingia vilevile. Msanifu mwenye busara hutafuta kwanza kugawanya kazi kwa namna hii, ili kila uamuzi uwe na mwenyewe mmoja aliye karibu na anayeuhitaji.

Mpaka uliochelewa

Simu janja za bei nafuu zinaonyesha hasara ya kuchora mpaka kwa kuchelewa. Android ilipofika sokoni mwaka 2008, programu ya mtengenezaji wa chipu na mfumo wenyewe vilishonwa pamoja. Google ikitoa toleo jipya, mtengenezaji wa chipu alipaswa kurekebisha sehemu yake, kisha mtengenezaji wa simu ya kwake. Kwa simu iliyouzwa kwa faida ndogo, kazi hiyo haikuwa na anayeilipia. Mamilioni ya simu za Afrika, Asia na Amerika Kusini zilibaki na toleo zilizozaliwa nalo, pamoja na mianya yake yote ya usalama. Mwaka 2017, kwa Android 8, Google ilianzisha mradi wa Treble uliotenga sehemu ya mtengenezaji wa chipu kwa kiolesura kisichobadilika-badilika. Ulikuwa uamuzi sahihi, lakini simu nyingi zilizouzwa kabla yake hazikufaidika nao.

Wenye simu ghali walipata masasisho hata bila mpaka huo, kwa kuwa kampuni zao zilimudu kulipia kazi ya kushona upya. Ukosefu wa moduli uliwaumiza wenye kipato kidogo. Hili nataka wanafunzi wetu walikumbuke wanapofundishwa usanifu kana kwamba ni suala la unadhifu wa programu. Mfumo uliofungamana hudumu pale penye pesa za kuuhudumia. Pembezoni, mfumo hudumu kama kipande kimoja kinaweza kubadilishwa bila kugusa vingine, tena na mtu ambaye si mtaalamu.

Maswali manne ya mpaka

Kutokana na yote haya, mtu anayesanifu mfumo utakaofika maeneo kama Kimbiji anapaswa kusimama katika kila mpaka anaouchora na kujibu maswali manne kwa maandishi. Upande wa pili ukinyamaza kwa saa, siku au wiki, upande huu utaendelea na nini na utakataa nini? Kipande hiki kikianguka, nani mwingine ataanguka nacho? Ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kuvuka hapa, kiasi kwamba hata mtu aliyeshika karatasi anaweza kukivusha? Na siku dhana zetu zitakapokwisha muda, mabadiliko yatapitia mlango upi?

Maswali haya huwa na majibu rahisi kwa anayeanzia kwenye kituo cha data, mahali ambapo umeme una jenereta na mtandao una njia mbili. Majibu hayo rahisi ndiyo yanayozaa mifumo inayofanya kazi vizuri siku ya uzinduzi na kufa mvua za kwanza zikinyesha. Utaratibu unapaswa kugeuzwa. Mfumo wa malipo, wa ardhi, wa afya au wa shule uanzie kwenye mashine dhaifu kuliko zote utakayoikuta, kwenye mtandao mbovu kuliko wote, na uthibitishwe huko kabla ya kupewa seva. Ukisimama huko, utasimama Kijitonyama bila shida. Kinyume chake hakijawahi kuwa kweli.

Vyuo vyetu vina nafasi ya kuongoza katika hili, kwa sababu mazingira ambayo watafiti wa nchi tajiri huyaiga maabara kwa kukata waya makusudi, sisi tunaishi ndani yake. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kuchukua kiini kidogo kilicho huru kwa kila mtu, akakipa kifaa cha kupima maji au mashine ya wakala, akaenda nacho mwisho wa barabara ya lami na kukiacha huko msimu mzima wa masika. Atakaporudi na kumbukumbu za kila kilichoanguka na kila kilichojiinua, atakuwa na maarifa ambayo hayapo katika kitabu chochote cha kiada, na mifumo tunayoinunua leo ikiwa imekamilika kutoka nje itaanza kujengwa na watu wanaojua itakwenda kuishi wapi.